Mgeni amenirudishia karatasi: "haifai" huandikwaje kwa Kiingereza?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mpokea wageni katika nyumba ndogo ya kulala wageni hapa Bagamoyo, upande wa Dunda, si mbali na soko la samaki. Vyumba vyetu ni tisa tu, na wageni wetu wengi ni Wazungu wanaokuja kutazama magofu ya Kaole na Mji Mkongwe, kisha wakashinda pwani. Kabla ya Ramadhani mama mwenye nyumba aliniagiza niandike karatasi moja ya Kiingereza, ya kubandikwa nyuma ya mlango wa kila chumba, inayowaeleza wageni mambo ambayo mjini kwetu si marufuku lakini hayafai. Nimesoma hadi kidato cha nne na Kiingereza nakizungumza kila siku, kwa hiyo sikuona tabu. Niliandika kwanza kwa Kiswahili katika daftari, nikahakikisha maneno yana adabu, ndipo nikayageuza.

Nakunakilia mistari yenyewe ili uione. Kuhusu mavazi niliandika: "In Bagamoyo we look down on women who walk in town in swimming clothes." Kuhusu kula barabarani mchana wa mfungo: "Eating in the street in Ramadan is a shame." Kuhusu kubusiana hadharani: "Kissing is frowned by the elders." Kuhusu picha: "To photograph people without asking is a taboo." Kuhusu pombe: "People who drink in the street are isolated by the society." Kuhusu kuleta watu chumbani usiku: "The management disapproves visitors after four at night." Na mwisho kabisa, nikitaka kuwatoa wageni wasiwasi: "Do not be ashamed to ask at reception."

Karatasi zilikaa milangoni wiki mbili bila neno. Juzi mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Uingereza, alikuja mapokezi akiwa ameibandua ya chumbani kwake. Hakugomba. Aliiweka juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaniuliza kwa upole kama ni kweli kwamba tunamdharau, maana siku aliyofika alitoka pwani hadi getini kwetu akiwa na nguo ya kuogelea na kitambaa kiunoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia sivyo nilivyokusudia, lakini nilipotaka kumweleza nilichokusudia, Kiingereza chote kikanikimbia.

Mama mwenye nyumba naye amekasirika. Anasema nifute vyote, niandike "strictly prohibited" kila mstari, yaishe. Mdogo wangu ananiambia niiachie simu itafsiri. Mimi naona njia zote mbili zina walakini, ila siwezi kusema walakini huo ni upi. Nisaidie, Mwalimu. Lile neno letu "haifai", Waingereza wanalisemaje? Na huyu mama, ambaye ataondoka Ijumaa, nimwandikie nini?

Mwanao,
Niliyekosa Neno, Bagamoyo

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma karatasi yako mara mbili hapa Tanga, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu kwa mazoea ya kazi niliyostaafu, na nikaiweka kalamu chini. Makosa ya sarufi yamo, lakini ni machache, na si hayo yaliyomleta mgeni wako kaunta. Ule mstari wa kwanza, uliomuumiza, sarufi yake haina dosari hata moja. Ni sentensi safi ya Kiingereza inayosema jambo ambalo wewe hukulisema.

Unaniuliza "haifai" ni neno gani kwa Kiingereza. Halipo neno moja, kwa sababu "haifai" yetu ni pana mno. Mama humwambia "haifai" mtoto anayekula amesimama, na mzee wa mtaa humwambia "haifai" kijana aliyempiga mzazi wake, na sisi tunaosikiliza tunaupima uzito wake kwa sauti, kwa uso, na kwa kumjua anayesema. Karatasi iliyobandikwa mlangoni haina sauti wala uso. Mwingereza ameyagawa maneno yake ili yabebe uzito huo yenyewe, na juu ya hapo ameyagawa kwa jambo jingine ambalo ndilo lililokuponyoka: kama kinacholaumiwa ni tendo au ni mtu.

Tazama "look down on". Picha yake ni ya mtu aliyesimama ghorofani akimtazama aliye chini. Maana yake ni kudharau, kumwona mwenzio si hadhi yako, na ndivyo tajiri anavyomtazama maskini na mtu wa mjini anavyomtazama wa shamba. Ukiweka "women" baada ya maneno hayo, umekwisha kusema kwamba wanawake hao ni watu duni. Mgeni wako hakuwa mwepesi wa kukasirika, alisoma sawasawa kilichoandikwa, na nadhani ni muungwana kuliko wengi kwa kuja kuuliza badala ya kufunga mizigo.

Ulichokuwa unakitafuta umekiandika mwenyewe katika mstari wa tatu, nusu yake. "To frown" ni kukunja uso. Mfikirie mzee aliyeketi barazani baada ya alasiri, kahawa mkononi. Vijana wawili wanapita wameshikana viuno, na yeye haiti mtu, hagombi, hata hasonyi, ila ndita zinaonekana kwenye paji la uso hadi wapite. Kesho yake akikutana na mmoja wao atamjibu salamu kama kawaida, kwa kuwa alichokikunjia uso ni kile kitendo. Ndiyo maana baada ya "frown upon" huja tendo au tabia: kula, kuvaa, kupiga kelele, kubusiana. Na mara nyingi Mwingereza huligeuza liwe la kutendwa, "is frowned upon", bila kumtaja anayekunja uso, kama sisi tunavyosema "huku haipendezi" bila kusema haimpendezi nani. Kwa lile jambo lako la "si marufuku lakini hayafai", hakuna usemi wa Kiingereza unaokaa karibu zaidi na huo, kwa sababu ndani yake mna taarifa zote mbili: kwamba hutakamatwa, na kwamba watu hawatafurahi.

Ila lile neno dogo la mwisho, "upon", au "on" ukipenda fupi, haliachwi. Wewe uliandika "is frowned by the elders" kwa sababu uliona "upon by" yakifuatana ni kama daladala moja kuwa na makondakta wawili. Ndivyo ilivyo, na wote wawili wana kazi: "is frowned upon by many older people here". Na usilichanganye na "frown at", ambalo ni uso wenyewe kukunjwa mbele ya mtu. "He frowned at me" ni kwamba nilimwona akinikunjia. "He frowns upon it" ni kwamba halipendi jambo hilo, hata kama muda huo amelala usingizi.

Sasa nije kwenye aibu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu neno hili lilinitesa mimi kabla yako.

Nilipokuwa mwalimu kijana, kijana wangu wa kwanza alikosa nafasi ya kwenda sekondari. Nilimweleza mwalimu mwenzangu, mama wa Kiingereza aliyekuwa akifundisha nasi, tukiwa tumesimama dirishani wakati wa mapumziko. Akashika mkono wangu akasema, "What a shame!" Niliutoa mkono wangu. Kwa siku nne nilimsalimia kwa kichwa tu, nikijiuliza ni jeuri gani hii ya kuniambia uso kwa uso kwamba mtoto wangu ni aibu, tena kwa sauti ya huruma. Siku ya tano nilimsikia akisema maneno hayo hayo kwa mpishi ambaye chai yake ilikuwa imemwagika. Ndipo nikakimbilia kamusi.

"What a shame" na "it is a shame" ni pole. Ni "inasikitisha", ni "bahati mbaya hiyo". Kwa hiyo mgeni aliyesoma mlangoni kwamba "eating in the street in Ramadan is a shame" huenda alidhani mnamsikitikia, au alifikiri kwamba chakula cha barabarani mwezi huo hakina ladha. Aibu ile unayoifikiria wewe, ya kumfedhehesha mtu, ni "shameful" au "a disgrace", na hayo ni maneno makali. Yanafaa kwa aliyekula fedha za msiba, si kwa mgeni aliyetafuna ndizi njiani saa saba mchana. Na "shame on you" ni kumgombeza mtu usoni, usiiandike kwenye karatasi yoyote.

Upande wa pili wa aibu ni haya. Sisi tukisema msichana fulani ana aibu tunaweza kuwa tunamsifu: mpole, hana macho makavu. Kiingereza kimelikata neno hili vipande vitatu. Mwenye haya kwa tabia ni "shy". Aliyepatwa na jambo la kumwingiza soni mbele za watu, kama wewe pale kaunta, ni "embarrassed". Na "ashamed" ni yule ambaye nafsi yake inamsuta kwa ubaya alioutenda. "Do not be ashamed to ask" si kosa la sarufi, na wapo Waingereza watakaolisema, lakini kwa mlangoni ni zito, kwa sababu linaleta wazo la fedheha mahali ambapo hapakuwa na fedheha. Mgeni asiyejua njia ya kwenda kwenye boma la Wajerumani hana cha kumsuta nafsi.

"Taboo" nalo umelipa mzigo mdogo kuliko mabavu yake. Neno lenyewe si la Uingereza kwa asili. Nahodha James Cook alilikuta katika visiwa vya Tonga, Bahari ya Pasifiki, mwaka 1777, akaliandika katika kumbukumbu za safari yake, na huko lilihusu vitu vilivyotengwa kwa utakatifu na katazo. Hadi leo limebaki na harufu ya mwiko, ninamaanisha mwiko wa wazee, si ule wa kusongea ugali. Kumpiga picha mchuuzi wa samaki bila kumwomba ni utovu wa adabu, basi. Kwa mambo ya aina hii Mwingereza hatafuti hata neno la lawama, bali humwambia mtu la kufanya: "Please ask before you photograph anyone." Na huo ni ushauri wangu kwa nusu ya karatasi yako. Penye uwezekano wa kusema fanya hivi, usihangaike kueleza nani atakunja uso.

Mstari wa pombe uufute wote. Kwanza si kweli; Bagamoyo nimekaa, na sijaona mtu ametengwa kwa chupa moja. Pili, "isolated" ni kutengwa kwa mahali, kama mgonjwa wa kuambukiza anavyotengwa wodini au kijiji kinavyokatwa na mafuriko. Kutengwa na jamii ni "shunned", na kwa lugha nzito zaidi ni "ostracized", neno linalotokana na kigae. Wananchi wa Athene, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, walikuwa wakikwaruza jina la mtu juu ya kipande cha chungu kilichovunjika, na aliyeshinda kwa wingi wa vigae, kama kura zilitosha, alitakiwa kuuhama mji kwa miaka 10. Ukienda tena Kaole ukaona vile vipande vya vyombo vya kale, utalikumbuka. Lakini maneno haya yote huangukia mtu, hayaangukii tendo, na karatasi ya mlangoni haina haja ya neno lolote linaloangukia mtu.

"Disapprove" ni fupi. Ukiweka "of" baada yake, ni kutopenda. Ukiondoa "of", ni kukataa rasmi, kama ofisi inavyokataa ombi. Wewe hukuhitaji lolote kati ya hayo, kwa kuwa wageni wa usiku ni kanuni ya nyumba, na kanuni husemwa kama kanuni: "are not allowed". Tena saa nne yetu ya usiku kwao ni saa kumi. Ulivyoandika, mgeni ataelewa kwamba watu wanakaribishwa vyumbani hadi karibu na adhana ya alfajiri, na mama mwenye nyumba hajaliona hilo bado, basi ulirekebishe kabla hajaliona.

Yeye mkubali kwa heshima lakini usimfuate. "Strictly prohibited" ni lugha ya sheria, na ina mahali pake hata kwenye karatasi yako: magofu ya Kaole yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mgeni anayetaka kuondoka na jiwe la kaburi kama ukumbusho anastahili kuliona neno hilo. Ukiliandika pia kwa ndizi na kwa kaptura, mgeni atauliza ni sheria gani, hutakuwa na jibu, na siku ya pili hatakuamini hata kwenye lile jiwe.

Simu ya mdogo wako itakugeuzia maneno vizuri tu. Haitakuuliza kama unamlaumu mtu au nguo yake, nawe usipoulizwa utaendelea kudhani umekwisha kusema.

Jingine ambalo hukuliuliza lakini litakufaa. Waingereza hupenda kupunguza makali, na katika maandishi ya kukaribisha watu desturi hiyo ina manufaa. "May raise a few eyebrows", yaani nyusi chache zitapanda, ni nyepesi kuliko "frowned upon". Ni mshangao wenye shaka ndani yake. "Is not done here" ni fupi na ya zamani kidogo, lakini ina staha. "Take a dim view of" huandikwa zaidi kwa wakubwa wa kazi na mahakimu, na kwa mzee wa barazani ingekuwa kama kumvisha suti. "Turn up one's nose at" ni kubenua pua kwa kitu ukiona hakikufai, kama mgeni anavyowafanyia dagaa wetu, kwa hiyo usiwape wazee wako pua hiyo. Na ukikutana na "beyond the pale", usidhani ni rangi iliyopauka: "pale" hiyo ni mti wa ua, kigingi, na aliye nje ya ua amefanya lisilovumilika kabisa. Kwa busu la getini ni kubwa mno.

Karatasi yako ningeiandika hivi, nawe uibadilishe upendavyo:

"Swimwear is fine on the beach. In town, please cover your shoulders and knees. Kissing in public is frowned upon, especially by older people. Out of respect for those who are fasting, please do not eat, drink or smoke in the street during the day in Ramadan. Our dining room is open to you as usual. Drinking alcohol in the street is not done here. Please ask before you photograph anyone, above all at the fish market. Removing or damaging anything at the Kaole ruins is prohibited by law. Visitors are not allowed in the rooms after 10 p.m. If you are unsure about anything, please ask at reception."

Utaona uso umekunjwa mara moja tu. Ungekunjwa kila mstari, mgeni angedhani Bagamoyo nzima imeamka na jino bovu. Ule mstari wa chumba cha kulia, muulize kwanza mama mwenye nyumba kama jiko linafanya kazi mchana wa Ramadhani. Kama halifanyi, utoe.

Na kwa huyo mama wa Ijumaa, usimwandikie somo la lugha, wala usimwambie kwamba uko "ashamed", maana hujamfanyia ubaya wa kukusuta. Mwandikie mistari hii mitatu: "I am sorry about the notice. I meant to say something about clothes in town, and I said something about people instead. Nobody here looks down on you." Mstari wa mwisho una yale maneno yale yale yaliyomuumiza, safari hii yamekanushwa, na ndiyo atakayoyatazama kwanza. Andika kwa mkono wako, kwa kalamu, umpe mwenyewe pale kaunta kabla ya Alhamisi usiku, wakati bado hajaanza kukunja nguo.